Karindula Haipigwi Saa ya Baruti

Shimo la mgodi lina masikio. Nilipokuwa na miaka kumi na saba niliamini hilo, na sikuliamini nusu nusu. Nililiamini kama mtu anavyoamini kwamba jioni atakula bukari, ugali wetu. Kule Musonoi, mtaa wetu kando ya mgodi, sote tulijua: karindula ikipigwa saa ya baruti, wakati kampuni inalipua mwamba, shimo linaisikia, linaipenda, halafu linatoka mahali pake na kuja polepole kumtafuta mpigaji nyumbani kwake. Linakuja chini kwa chini, kama fuko. Kwanza utaona ufa ukutani. Kisha sufuria itaanza kutembea yenyewe juu ya meza. Mwishowe, asubuhi moja, unafungua mlango wa nyuma uende chooni, na choo hakipo. Kuna hewa tu, na chini kabisa lori moja dogo kama mende.

Ushahidi ulikuwa mwingi. Kila mtu alikuwa na mjomba wa rafiki yake aliyemjua mpigaji mmoja wa zamani, hodari kuliko wote, ambaye shimo lilimfuata hadi kitandani. Wengine walisema alimezwa na godoro lake. Wengine walisema godoro lilibaki. Tulibishana juu ya godoro miezi mizima; juu ya shimo hakuna aliyebisha.

Naandika haya nikiwa nimekaa, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Nimechoka. Si uchovu wa leo peke yake, huu una matabaka kama ukuta wa mgodi wenyewe: juu vumbi la kazi ya sasa, katikati miaka niliyochimba kwa mikono, na chini kabisa, pale penye rangi, ule ujana. Nikitaka kufika kule huwa nachimba polepole, magoti yangu hayataki haraka.

Kwa asiyejua: karindula ni banjo la watu wakubwa. Chukua pipa, likate mdomo, funika kwa ngozi ya mbuzi, chomeka mti mrefu uwe shingo, funga nyuzi nne za breki ya baiskeli. Pipa linalazwa chini, mpigaji analiegemeza goti, mwenzake anakaa nyuma na vijiti analitwanga ubavuni. Sauti yake haiingii kwa masikio. Inaingia kwa nyayo, inapanda magoti, inakaa tumboni kama chakula. Siku hizi nawaona vijana wanabeba muziki ndani ya kisanduku cha ukubwa wa sabuni, na ni muziki mzuri, sisemi uongo, ila hakuna hata mmoja aliyewahi kupata ngiri kwa kuubeba. Sisi pipa letu lilikuwa na uzito wa ng'ombe wawili. Basi, ndama.

Tulikuwa watano, na kama kundi lolote la nchi hii, kabla hata ya kupata ngozi tulikuwa tumeshapata biro, yaani kamati ya viongozi. Mpigaji alikuwa Prezida. Mimi nilikuwa Sekretere. Wale watatu waliobaki, wa vijiti na wa kucheza, walikuwa makamu wa prezida, wote watatu, maana hakuna aliyekubali kuwa mwanachama wa kawaida. Tulivaa kofia za plastiki za wafanyakazi wa mgodi, zile zilizopasuka na kutupwa, tukazipaka rangi ya manjano na kuchora macho juu yake. Mguu mmoja wa suruali tuliukunja hadi gotini. Miwani myeusi ilikuwa moja kwa kundi zima, tukaivaa kwa zamu. Tulipopita njiani tulitembea kwa mwendo maalumu, kama mtu aliyekanyaga kaa la moto lakini hataki ijulikane. Bamama waliokuwa wanauza mihogo walituuliza kama tunaumwa.

Kazi ya sekretere haikuwa kuandika. Kilichonipa cheo ni saa ya mkononi aliyoniachia baba, ile ya kutia ufunguo. Baruti haikuwa na dakika kamili, lakini ilikuwa na majira yake ya mchana, na kabla yake sirene ya mgodi ililia. Kazi yangu ilikuwa kujua majira, kutega sikio, na sirene ikianza tu kunyosha mkono juu. Nikinyosha mkono, kila kitu kinasimama. Prezida anaziacha nyuzi, anaweka kiganja juu ya ngozi, na sisi wote tunaweka viganja vyetu pembeni ya chake, tukiikandamiza kama mama anavyombembeleza mtoto asiamke.

Si sisi tu. Makundi yote ya Musonoi yalifanya hivyo. Waliokuwa wanatukanana walinyamaza katikati ya tusi. Ungeona uwanja mzima wa vijana wenye kofia za macho manne wameinama juu ya mapipa, kimya kama kanisani. Halafu baruti inalia. Na pale chini ya kiganja, naapa, ngozi ilikuwa inajibu. Ilitetemeka yenyewe, bila mtu kuigusa wala kuipiga, kama tumbo la mbuzi aliye hai. Sasa niambie, kijana wa miaka kumi na saba aliyeshika kitu kile kwa mkono wake, utamwambia shimo halina masikio?

Nyumbani kwa Prezida ndipo tulipofanyia mazoezi. Nyumba yao ilikuwa katika mstari wa mwisho, ule uliotazama karieri, shimo la wazi la mgodi. Baba yake alikuwa mtu wa maneno machache, alistaafu mgodi na kifua kibovu. Mama yake alikaanga mikate ya mafuta kando ya barabara. Alitulisha sote watano kwa mikate iliyoungua, na nadhani mingine aliiunguza makusudi. Mimi sikuwa na mama tena wakati ule. Yeye hakulisema jambo hilo hata siku moja. Alinipa tu kazi, chota maji, shika mtoto huyu, kama anavyowapa wake.

Basi ikaja Jumamosi ya mashindano.

Yalikuwa mashindano ya kwenye uwanja wa baa moja, na zawadi ilikuwa mfuko wa unga wa mahindi. Watu walikuwa elfu kumi. Tukiondoa chumvi, mia mbili. Wapinzani wetu walikuwa kundi la ng'ambo ya reli, watu wenye pipa la bluu na dharau nyingi. Mpigaji wao alilizunguka pipa letu, akaligonga kwa kidole.

“Hii pipa yenu ilikuwa ya mafuta ya ngazi,” akasema, yaani mawese, kwa sauti wote wasikie. “Inaliaka sawa tumbo ya mutu alikula maharagi mabichi.”

Prezida hakumwangalia. Alikuwa anavuta nyuzi. “Na yenu tuisikie kwanza,” akasema. “Ao ile ngozi ingali inakula majani?”

Watu wakaanguka kwa kicheko. Mwanamke mmoja aliketi chini kabisa, na chupa yake.

Wao walianza. Walipiga vizuri, siwezi kuwasingizia. Tulipoingia sisi uwanja ulikuwa tayari umepata moto, na Prezida siku ile sijui alikuwa amekula nini. Alipiga kama mtu anayeaga. Hivyo ndivyo ninavyokumbuka sasa, lakini siku ile niliona tu kwamba anapiga kuliko jana na kuliko siku zote. Makamu wawili walikuwa hewani, wa tatu alilitwanga pipa hadi kijiti kikakatika, akaendelea kwa ngumi. Bamama waliacha mihogo. Mpigaji wa ng'ambo ya reli, nilimwona kwa macho yangu, alikuwa anatikisa kichwa kwa kupenda, halafu akakumbuka ni mpinzani, akakisimamisha.

Na hapo nikaisikia sirene.

Nilitazama saa. Majira yalikuwa yenyewe. Nilisikia mara ya kwanza, nikasikia mara ya pili, ndefu. Mkono wangu ulikuwa pale begani, unangoja kunyoshwa. Nikamtazama Prezida, macho ameyafumba, jasho linamtoka puani. Nikatazama watu. Nikajiambia: nikinyosha mkono sasa, tunasimama, moto unazimika, na wale wa pipa la bluu wanaondoka na unga. Nikaingiza mkono mfukoni.

Baruti ililia wakati Prezida anashuka kwenye uzi mnene. Ardhi ikaruka. Ngozi ikapiga kelele yenyewe juu ya kelele yake, na uwanja mzima, maana kwa fujo ile wengi hawakuwa wamesikia sirene, wakadhani ni sisi. Wakadhani ile radi imetoka ndani ya pipa letu! Watu walipiga mayowe hadi nikaziba masikio. Tukabebwa juu, na mfuko wa unga ukabebwa juu pamoja nasi, ukapasuka, tukawa weupe wote kama mizimu yenye furaha. Sijawahi kushinda kitu kingine kama kile, na sasa nadhani sitashinda.

Majuma matatu baadaye, nyumbani kwa Prezida, niliona ufa.

Ulianzia kwenye kona ya dirisha ukashuka hadi sakafuni, mpana wa kidole. Sikuwahi kuuona kabla. Nilisimama mbele yake na kikombe cha maji mkononi, nikaupima kwa kidole, kidole kikazama. Siku chache zikapita, ikasemwa kwamba nyumba kadhaa za mstari ule zinahamishwa, mgodi unapanuka, wenyewe watapelekwa kwenye nyumba mpya mbali upande wa pili wa mji. Familia ya Prezida ilikuwa ya kwanza kabisa. Mtaani wakasema lile ambalo wangelisema: shimo limemfuata mpigaji. Walisema wakicheka kidogo, na wakisema hivyo waliangalia chini. Lakini mimi sikucheka hata kidogo, kwa sababu mimi peke yangu nilijua kwamba mtu wa saa alisikia, na mkono wake ulikuwa mfukoni.

Siku ya lori nilikwenda kubeba. Nilibeba vitanda, nilibeba sufuria, nilibeba mlango. Sikuweza kumtazama mama yake. Karindula ilipandishwa mwisho, kuku watatu wamefungwa ndani yake, wanalia kwa sauti ya chini kama wazee. Prezida akaniuliza kutoka juu ya lori:

“Sekretere, utakuja?”

“Nitakuja.”

“Kesho?”

“Juma hili, Prezida. Ao juma lijalo.”

Sikwenda. Juma likawa mwezi. Kila nilipopanga, niliuona ule ufa, nikaona nitakavyoketi nile mkate wa mama niliyemvunjia nyumba. Nilijiambia nitakwenda nikiwa na kitu cha kumpelekea. Nikaingia kwenye mashimo na wachimbaji wenzangu, vijana waliotoka pande zote za Kongo, tukachimba kwa miaka ambayo nikiihesabu inafika mia moja. Mashimoni nilibeba mifuko mizito mgongoni hadi nikawa mfupi. Wanasema ni umri, mimi nasema ni shaba. Prezida alikwenda mbali, Musumba, kwa wakwe zake, analima mahindi kule ambako barabara ikinyeshewa gari hugeuka mtumbwi. Nilisikia baba yake amefariki. Nilisikia siku ya maziko. Nilifika hadi kwenye kituo cha taksi-moto, zile pikipiki za abiria, nikapanda, nikashuka, nikamwambia dereva nimesahau kitu nyumbani.

Hivi ndivyo mtu anavyochoka. Ndugu zangu, jiwe la kilo hamsini unaliweka chini ukifika juu. Hili mimi nililala nalo.

Baadaye mgongo ulikataa, nikapata kazi ya kuandika malori yanayoingia na kutoka kwenye geti moja, na kwa kuwa kuandika kwangu kulikuwa kwa kuku, nikajiandikisha shule ya jioni. Darasani nilikuwa babu wa wote, isipokuwa wawili. Nilisinzia nikiandika, na kalamu iliendelea bila mimi; nina kurasa za hesabu ambazo zilifanywa na usingizi, na baadhi zilikuwa sahihi. Mwalimu wa fizikia alitufundisha jinsi mtikisiko unavyopita ardhini na kuamsha kitu kilichokazwa, ngozi, kioo, uzi. Nilinyosha kidole nikamweleza habari za kiganja na karindula. Akafurahi sana, akasema huo ndio mfano bora aliowahi kupewa. Kwenye mtihani swali hilo lilikuja. Nililijibu lote. Kichwa kilijua kabisa kwamba shimo halina masikio wala miguu. Lakini ule ufa ulibaki pale pale, na mkono wangu mfukoni.

Mwaka huu nilipata diploma. Mke wangu alinimwagia poda kichwani kama wanavyomwagiwa watoto wa shule wakifaulu, majirani wakaongeza, nikakohoa siku mbili. Juma lilelile akaja dereva wa taksi-moto getini kwangu na salamu.

“We njo Sekretere?” akauliza.

Hakuna aliyeniita hivyo tangu kuku waliponiaga. Nikasema ndiyo.

“Kuna mama mumoja ule anauzisha mikate kule ku nyumba mpya. Anasema alisikia ulipata diploma. Anasema ukuje akutie poda. Anasema asikuite mara mbili.”

Nikapanda nyuma yake vilevile nilivyokuwa, na kalamu sikioni. Safari hii sikushuka.

Nilimkuta amekaa mbele ya mlango, karai liko juu ya jiko la makaa, amezeeka, mwili mdogo kuliko nilivyomwacha. Aliinua mkono kukinga jua.

“Ni nani?”

“Ni mi, mama. Sekretere.”

Alinitazama kutoka viatu hadi upara. “Na ile tumbo? Ile ni diploma ao ni bukari?”

“Byote mbili, mama.”

“Inama.”

Niliinama, akanimwagia kopo zima la poda, akanipangusa macho kwa ncha ya kitenge chake, akanipa mkate. Ulikuwa umeungua. Nikaushika tu. Nilijua nikiumeza kabla ya kusema, sitasema tena.

“Mama,” nikasema, “niko na neno.”

“Sema.”

“Ile siku ya mashindano, ku baa. Mi nilisikia sirene.”

“Na mi nilisikia. Nilikuwa nakaanga pale ku barabara. Hata mbuzi bilisikia.”

“Lakini mi njo nilikuwa mutu wa saa, mama. Sikunyosha mukono. Nilitaka tushinde. Njo shimo ikakuja kwenu.”

Akaugeuza mkate mmoja kwenye mafuta. “Shimo ikakuja,” akasema.

“Ndiyo, mama.”

“Na miguu gani?”

Nilicheka, na kicheko hakikutoka vizuri. Yeye hakucheka. Aliweka chini kijiti chake, akanigeukia.

“Juu ya ile njo haukukuja? Myaka yote hii?”

“Ndiyo.”

“Bwana yangu alikufa mu nyumba hii. Mbele ya kufa aliuliza, ule mutoto wa saa iko wapi? Nikasema, ana kazi mingi.”

Poda ilikuwa inanishuka usoni. Akatoa mikate iliyoiva, akatia mingine, kwa sababu wateja wawili walikuwa wamesimama wanangoja. Walipokwenda akasogeza kiti chake karibu na changu.

“Sikiliza, mutoto yangu. Ile ufa ilikuwa mu nyumba tangu Prezida yako angali anatambaa. Kila mwaka nilikuwa naiziba na udongo. Ule mwaka sikuiziba, juu nilijua tunaenda. Na kuenda, hakuna mutu alitufukuza. Mi njo niliomba. Batoto badogo balikuwa banakohoa, mzee alikuwa anakohoa, na maji nilikuwa nafuata mbali. Ba kampuni balisema benye kutaka kuenda ba kwanza baandike barua. Tukaandika.”

“Lini, mama?”

“Mbele ya mashindano. Karatasi ilisha kutoka. Tulikuwa tunangoja lori tu.”

“Na Prezida alijua?”

“Barua ni ye aliandika. Mi najua Kifaransa? Nilimwambia, ambia benzako. Akakatala. Akasema, mama, acha kwanza tushinde.”